Baiskeli Ndani ya Eda

Watu wa Majengo watakwambia kwamba mimi, Sijaona, nilikuwa siwezi kukaa peke yangu hata kwa muda wa kuchemsha chai, na kwa hilo hawanisingizii. Maji yakishawekwa jikoni, mimi nilikuwa nimekwisha toka mlangoni, nimemsalimu huyu, nimemuuliza yule habari za mgonjwa wake, nimepokea mtoto wa mtu nimembeba, na nikirudi nakuta sufuria imekauka. Mwaka wa kwanza wa ndoa niliunguza sufuria tatu. Mume wangu Abdulhamidi hakusema kitu. Alinunua ya nne, akaitundika ukutani, akaenda zake kutafuta kuku.

Kutafuta kuku ndiyo ilikuwa kazi yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye miguu miwili amegeuka mfanyabiashara, na walaji wa Dar es Salaam walikuwa wamegundua kwamba kuku wa Singida ana utamu wake. Abdulhamidi alikuwa na baiskeli nyeusi ya Kichina, na nyuma kwenye keria alifunga tenga kubwa la fito. Alizunguka vijijini siku mbili tatu akinunua kuku kwa akina mama, kisha akawapeleka Mandewa kwa mdogo wake, Kombo, ambako lori lilikuwa linapakia. Aliporudi nyumbani alikula, akanisikiliza nikimmwagia habari zote za mtaa, akalala. Kama alisikiliza kweli sikujua, maana hakuwahi kunijibu zaidi ya "ehee."

Mwezi wa pili wa mwaka tisini na mbili homa ilimchukua kwa siku tatu. Siku ya nne tulimzika. Nasema kwa kifupi kwa sababu hata leo sipendi kuirefusha.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hapaki wanja, hapaki hina, hajitii manukato, wala hatoki kwenda kuzurura. Wenzangu wengine eda imewapa mapumziko. Mimi nilipoambiwa hesabu ya siku nilihisi kama mtu aliyefungiwa ghalani.

Tena nilifungiwa na nani? Na mama mkwe wangu, Bi Maryam, mwenye nyumba. Mungu hakutujalia mtoto mimi na Abdulhamidi, kwa hiyo tulibaki wawili tu, mimi na yeye, na Bi Maryam ni mwanamke anayetumia maneno kana kwamba kila neno linatozwa kodi. Ukimsalimu shikamoo anasema marahaba, na hapo mazungumzo yamekwisha mpaka kesho.

Siku arobaini za kwanza hazikuwa mbaya, maana wageni walikuja. Lakini hitima ya arobaini ilipomalizika na mikeka ikakunjwa, Kombo alibaki uani, akajipangusa jasho, akatuita mimi na mama yake. Kombo ni mtu mnene, mwenye sauti kubwa na moyo mwema, na mara nyingi huo moyo mwema ndio unaoumiza watu.

"Mama, shemeji, nimefikiri sana," alisema. "Eda ikiisha, mama utahamia kwangu Mandewa. Nyumba hii tutaipangisha. Shemeji atarudi kwa kaka yake Itigi, akapumzike na ndugu zake. Na baiskeli nitaichukua, nimtafute mtu wa kupita njia za kaka."

Kaka yangu wa Itigi ana mke na watoto saba katika vyumba viwili. Huko nisingekuwa ndugu, ningekuwa mgeni asiyeondoka. Nikamtazama Bi Maryam. Midomo yake ilikuwa imekazwa, na nikakumbuka kwamba mke wa Kombo anafungua redio tangu alfajiri.

"Na njia za kaka yako nikizipita mwenyewe?" nikauliza. Sijui neno lile lilitoka wapi. Nilikuwa sijawahi hata kuishika ile baiskeli, isipokuwa kuisogeza nifagie.

Kombo alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Wewe, shemeji! Baiskeli si kitu, mtu anajifunza. Taabu ni ile njia yenyewe. Kaka alikuwa anakwenda kutwa nzima haoni mtu, ni mawe na upepo. Wewe kukaa peke yako muda wa kuchemsha chai tu kunakushinda! Utafika kijiji cha kwanza, utakaa kupiga soga, mpaka kuku wafe na kideri tengani."

"Mimi nakuuliza, nikizipita?"

"Basi sikiliza," alisema, huku bado anacheka. "Siku utakayoifikisha baiskeli hii kwangu Mandewa, peke yako, na kuku wakiwa ndani ya tenga, itakuwa yako. Na njia za kaka zitakuwa zako, na mama atabaki hapa na wewe."

"Nimesikia," alisema Bi Maryam.

Kombo akadhani mama yake amesikia mzaha. Mimi nilimwona usoni, nikajua amesikia ahadi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini Kombo hakuwa mtu wa kuwasikiliza wahenga.

Baada ya hapo wageni waliisha. Si kwamba walitutupa. Ilikuwa masika, watu wote wako mashambani wanapalilia mtama na alizeti, wanarudi jioni wamechoka. Mtaa ukawa mtupu kuanzia asubuhi. Nilikaa uani nikisikiliza mvua ikipiga bati, na kichwani mwangu mlikuwa na kelele kuliko sokoni: Itigi, Abdulhamidi, kwa nini hukumpeleka hospitali siku ya kwanza, Itigi tena, utakufa peke yako, Sijaona, wala hakuna atakayejua mpaka unuke. Nilianza kuongea na kuku. Walikuwepo sita, wa safari ya mwisho ya marehemu, na niliwapa majina ya wanawake wa Majengo, kila mmoja kwa tabia yake. Sitayataja hapa, maana wengine bado wako hai na wananidhania vyema.

Siku moja nilimlipukia mama mkwe. Namshukuru Mungu hakuwepo mtu wa kusikia. "Mama, nakuomba, sema neno! Sema lolote! Nitapata wazimu!"

Bi Maryam alifikiri kwa muda mrefu. Alitazama juu. "Itanyesha," alisema, akaingia ndani.

Nililia siku ile tangu asubuhi. Nililia nikichambua mboga, nililia nikisonga ugali, na ugali ukaungua. Bi Maryam alikuja, akachungulia sufuria, akanichungulia na mimi. "Lia baada ya alasiri," alisema. "Sasa pika."

Nilikasirika. Mtu gani anapangia kilio saa? Lakini kesho yake, kilio kilipokuja asubuhi wakati nafagia, ujeuri ulinifanya nijaribu. Nilikiambia, subiri, saa yako bado. Nikaendelea kufagia. Alasiri ilipokwisha nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, nikalia robo saa kwa utulivu kabisa, nikapenga, nikainuka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tano alasiri ilifika, nikakaa kwenye kigoda changu, na kilio hakikutokea. Nilikisubiri nikachoka, nikaenda kuosha vyombo. Ndipo nilipojua kwamba kichwa cha mtu ni kama mtoto wa jirani, ukimwachia mlango wazi atashinda kwako, ukimwambia saa ya kuja atazoea.

Basi nikapanga na mambo mengine. Asubuhi kufagia na kulisha kuku. Baada ya adhuhuri kumsomea marehemu Yasini. Alasiri kilio, kama kipo. Kati ya kulisha kuku na adhuhuri palibaki tundu kubwa la saa tatu nzima, na katika tundu lile nikaitoa baiskeli.

Ilikuwa chini ya gunia kwenye korido. Niliifuta vumbi siku ya kwanza. Siku ya pili niliipaka mafuta kwenye cheni, kama nilivyokuwa nikimwona marehemu akifanya. Siku ya tatu nikaipeleka uani, nikaishika usukani, na Bi Maryam akatokea mlangoni.

Nilidhani atanifokea. Hakufoka. Alivaa viatu, akajitanda, akatoka. Alikuwa amekwenda kwa maalim kuuliza, nami nikabaki pale nimeshika usukani kama mwizi. Aliporudi alisimama mbele yangu.

"Maalim kasema asitoke. Kuzunguka, azunguke."

"Na suruali, mama? Gauni litanasa kwenye cheni."

Bi Maryam alitazama kulia na kushoto. "Humu uani hakuna mwanamume," alisema, akaingia ndani, akaniletea suruali ya kaki ya mwanawe. Nikaivaa ndani ya gauni. Ilikuwa bado na vumbi la njiani kwenye pindo.

Mwalimu wangu alikuwa Febronia, jirani, Mnyaturu wa kule Mungaa, muumini wa Parokia. Huyu alikuwa anauza maziwa kwa baiskeli tangu usichana, na kila asubuhi alituletea nusu lita. Alipoingia siku ile, akamsalimu Bi Maryam shikamoo, kisha akaniona nimening'inia kwenye mtalimbo, lile bomba la kati ya kiti na usukani, kama nguo iliyoanikwa, aliweka ndoo chini.

"Dada Sijaona, unafanya nini?"

"Najifunza."

"Unajifunza kufa. Shuka."

Alinifundisha asubuhi nne, kila siku kwa muda mfupi, kwa sababu maziwa hayasubiri. Uani kwetu pana jiwe. Singida mawe ni mengi kuliko watu, na waliojenga nyumba ile walishindwa kuling'oa hilo wakajenga kulizunguka. Liko katikati, linanifikia kiunoni upande mmoja, upande mwingine limelala kama ngazi. Febronia akaniambia nipandie pale. Nisimame kwenye jiwe, nipitishe mguu juu ya mtalimbo, nikae, nisukume.

"Usiangalie gurudumu," alisema. "Angalia unakokwenda. Ukiangalia shimo utaingia shimoni."

Nilianguka. Nilianguka kwenye matope, kwenye majivu, nikaangukia banda la kuku, na yule kuku mwenye jina la jirani mmoja nisiyemtaja hakutaga siku tatu. Bi Maryam alikuwa amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake, anatazama. Mara moja tu aliinuka. Ni siku nilipolipanda jiwe nikaelekeza baiskeli upande wa kulia, ili nilizunguke kwa kulia.

"Siyo huko," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Mahujaji wanazunguka kushoto."

"Mama, hili ni jiwe la uani kwetu!"

"Sisemi ibada," alisema. "Nasema mazoea mema."

Nani atabishana? Nikazunguka kushoto. Siku ya tano nilimaliza duara moja bila kuanguka, na Bi Maryam akavuta punje moja ya tasbihi. Sijui kama ilikuwa ni dhikri au ni hesabu yangu. Wiki ya tatu nilikuwa nazunguka mara hamsini. Wiki ya sita sikuhesabu tena.

Mambo ya ajabu niliyaona kwenye duara lile. Nikifikiria Itigi, naanguka. Nikimfikiria Kombo anavyocheka, nayumba. Nikitazama mbele, hatua tatu tu mbele, ukuta, jiko, mkeka wa mama, jiwe, ukuta, nabaki juu. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuichagua fikra yake kama anavyochagua mchele, hili jiwe, hii chenga, hili tupa. Mwanzoni nilijisimulia kwa sauti, maana kukaa kimya kulinitisha. Kisha nikajisimulia kwa kunong'ona. Halafu, siku moja mwezi wa tano, nilishuka kwenye baiskeli adhuhuri ikiadhiniwa, nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesema neno hata moja, na sikuwa nimeona upungufu wowote. Nilishtuka. Nilijishika paji la uso nikidhani naumwa.

Jioni ile nilikaa na Bi Maryam kwenye mkeka, kimya, mpaka magharibi. Upepo wa kipupwe ulikuwa umeanza. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba ule ukimya wake haukuwa ukuta. Alikuwa amenikaribisha ndani yake muda wote, ni mimi tu nilikuwa nasimama mlangoni nikipiga hodi kwa kelele. Nikafurahi sana, nikataka kumwambia, kisha nikaona si lazima.

Siku ya kutoka eda walikuja akina mama, nikaoga, nikabadili nguo, ikasomwa dua, tukala pilau. Nilisalimiana na kila mtu nikaongea mpaka sauti ikakauka, maana sikusema kwamba niligeuka bubu. Kombo alimtuma mkewe na ujumbe kwamba keshokutwa atakuja na mkokoteni kuchukua vitu vya mama.

"Keshokutwa," alisema Bi Maryam wageni walipoondoka. "Wewe nenda kesho."

Kesho yake saa moja asubuhi nilivaa suruali ya kaki na gauni pana juu yake, nikajitanda mtandio nikaufunga kisawasawa. Kuku wawili waliobaki, maana wanne tulikuwa tumewachinjia wageni, nikawatia tengani. Mama mkwe alifungua mlango mkubwa mwenyewe. Nikapandia kwenye jiwe, nikasukuma, nikatoka, nikakata kushoto nikashika barabara.

Mwenyezi Mungu ni mwema, kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Ah, ule upepo! Miezi minne nimeona ukuta, na sasa barabara imefunguka mbele yangu, watu wanageuka, mwanamke mmoja kashika kiuno, mtoto anapiga kelele, "Mama kwenye baiskeli!" Nilitaka kupiga vigelegele mwenyewe. Nikafika njia panda. Njia ya Mandewa inakata kulia. Nikaiambia mikono, kata kulia. Mikono ikakataa.

Sifanyi utani. Mwili mzima ulikataa. Miezi miwili na zaidi nimezunguka upande mmoja, na mwili wangu haukujua kwamba duniani kuna upande mwingine. Nilipolazimisha usukani kidogo tu, baiskeli iliyumba, kuku wakapiga kelele, nikaurudisha haraka. Febronia alikuwa pale njia panda, na ndoo zake za maziwa, amekuja kunishuhudia.

"Kulia!" alipiga kelele. "Dada, kata kulia!"

"Siwezi!" nikajibu, nikampita.

Nilimsikia nyuma yangu akisema kwa Kinyaturu maneno ambayo wamisheni hawakumfundisha. Mbele yangu barabara ilikuwa inakwenda kusikojulikana. Hofu ikaja na mambo yake yote, Itigi, vyumba viwili, mkokoteni wa Kombo. Zamani ningepiga mayowe watu wanisaidie. Lakini nilikuwa nimekwisha kuizoea sauti yangu mwenyewe, na sasa ilinijia taratibu kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Iliniambia: Sijaona, tazama hatua tatu mbele. Unachojua ni kushoto. Tumia unachojua.

Nikakata kushoto kwenye uchochoro wa kwanza. Nikakata kushoto tena nyuma ya mashine ya kusaga, ambako foleni ya akina mama wenye ndoo za mtama ilinyamaza yote kwa pamoja. Nikakata kushoto mara ya tatu, na tazama, barabara kubwa iko mbele yangu, na ng'ambo yake, moja kwa moja, njia ya Mandewa. Nikaivuka. Febronia aliniona nikitokea upande ambao hakuutegemea, na ndoo zikamponyoka, bahati zilikuwa na mifuniko.

Safari ya kwenda Mandewa ina kona tatu za kulia. Kila kona ya kulia niliifanya kwa kona tatu za kushoto. Nilizunguka nyumba za watu, nilipita kwenye nguo zilizoanikwa nikaomba radhi nikiwa nakwenda, nilimpita mzee mmoja mara mbili, nikamsalimu shikamoo mara mbili, na mara zote mbili akaniitikia marahaba, ingawa ya pili aliitoa kwa mashaka. Jasho lilikuwa linanitoka na nilikuwa nacheka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mwezi wa pili.

Kombo alikuwa amesimama uani kwake anapiga mswaki. Geti lake liko upande wa kulia wa barabara, kwa kawaida yake ya kunitesa. Aliniona nakuja, mswaki ukasimama mdomoni. Aliniona nampita. Aliniona natokomea nyuma ya nyumba ya jirani yake. Alikuwa bado amesimama vile vile nilipotokea tena, nikaivuka barabara, nikaingia getini moja kwa moja, nikafunga breki mbele ya miguu yake.

"Kuku hawa hapa," nikasema.

Alitoa mswaki. "Mbona ulipita kwanza?"

"Sijui kukata kulia."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, Kombo alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na shuka lake la kulalia, na mkewe akatoka ndani, akazima redio kwa mara ya kwanza katika historia. Mimi sikucheka. "Shemeji," nikamwambia, "ahadi ni deni, na mama yako alisikia."

Akajipangusa macho, akainuka, akaishika ile baiskeli kwenye kiti, mahali ambapo kaka yake alikuwa anakaa.

"Neno nimelitoa, na sirudi nyuma," alisema. "Ni yako. Mama abaki kwake. Lakini kusema kweli, shemeji, mimi sikuogopa baiskeli. Niliogopa ile njia. Mara moja nilifuatana na kaka mpaka Mungaa. Unajua alikuwa anafanya nini njiani? Anaongea. Kaka, ambaye nyumbani hasemi! Alikuwa anarudia maneno yako. Nani kagombana na nani, nani kaolewa, nani kakopa chumvi hajarudisha. Yote, na sauti yako anaiiga. Aliniambia, nikimaliza habari za Sijaona, nakuwa nimefika."

Miaka sita nilidhani nasema na ukuta, kumbe mtu alikuwa anayafunga maneno yangu kama chakula cha njiani. Nililia mbele ya Kombo na mkewe na kuku wawili, na ilikuwa bado saa mbili asubuhi, wala sikujali saa.

"Sasa wewe," Kombo aliuliza polepole, "huko njiani utajisimulia nini?"

"Sijui," nikasema. "Nitajua huko huko."

Akanifundisha kukata kulia asubuhi ile ile, uani kwake, akikimbia pembeni amekishika kiti, tumbo linaruka, watoto wa mtaa mzima wanashangilia. Nilianguka mara mbili tu. Yeye alianguka mara tatu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mungaa. Niliondoka alfajiri, nikapita katikati ya yale mawe makubwa yaliyobebana, na baada ya hapo hapakuwa na mtu. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua yamesimama makavu, upepo unavuma kutoka mbele. Saa moja, mbili, tatu. Nilimfikiria Abdulhamidi, nikamsimulia habari za miezi minne alizozikosa, na zilikuwa chache, nikazimaliza mapema. Halafu nikanyamaza. Palikuwa na mlio wa cheni na pumzi yangu, na nilikuwa mzima, na nilikuwa na furaha ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniletea.

Jioni nilifika kwa Mama Raheli, shangazi yake Febronia, aliyekuwa akimuuzia kuku mume wangu. Alitoka nje akifuta mikono, akanitazama mimi, akaitazama baiskeli, akachungulia barabara nyuma yangu.

"Karibu, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja peke yangu," nikajibu, na sikuongeza neno.